Nyumba Iliyouzwa na Mtu Akiwa Ndani

Mwezi uliopita tulimzika Min Awuor, mama yake Awuor, upande wa Sindo, na kabla ya kuzikwa ilibidi ajengewe nyumba. Kwetu mke hatolewi kwenda kaburini kutoka barazani pa watu. Lazima atoke katika nyumba yake mwenyewe ndani ya dala, yaani boma, la mumewe, na katika dala lile yeye hakuwa na hata kibanda cha kuku. Basi mwili ukangoja mochari huko Homa Bay huku mafundi wakipiga misumari, na mimi nawaambia, tangu dunia iumbwe haijawahi kujengwa nyumba kwa kasi ile. Alhamisi nguzo, Ijumaa mabati, Ijumaa alasiri mlango wa mbao mbichi uliokuwa bado unatoa utomvu. Chumba kimoja, dirisha moja, sakafu ya vumbi lililonyunyiziwa maji. Mama mmoja wa kanisa aliyebeba sufuria kubwa kama mtumbwi akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia, “Mteja wake.” Akacheka, maana uso wangu hata msibani hukaa kama wa mtu aliye karibu kutoa kichekesho. Lakini sikuwa na kichekesho. Nilisimama pale nikiangalia mafundi wakipima mlango kwa hatua za miguu, nikakumbuka nyumba nyingine, yenye sakafu ya simiti na mlango uliopimwa sawasawa, na mwaka ambao mimi nilijua itakavyompotea kabla yeye hajajua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na nilikuwa kidato cha tatu. Watu huona haya kusema hivyo. Mimi nasema kwa sauti. Ujana wangu ulichelewa, ukanikuta nina mvi mbili, nikaupokea hivyo hivyo. Tulisoma masomo ya jioni katika shule moja ya msingi pale Migori, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Muuza nyama alikaa mbele yangu na kila alipoinua mkono kujibu swali harufu ya figo ilijibu kwanza. Chumba changu kilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na unga uliingia kila mahali. Naapa mwaka ule hata ndoto zangu zilikuwa nyeupe. Mchana nilifanya kazi kwa wakili mmoja, orofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Niliajiriwa kufagia na kupika chai, lakini siku moja mpiga chapa wake hakuja, nikakaa kwenye mashine, na vidole vyangu vikapita kama mvua ya mawe juu ya mabati. Tangu siku hiyo ufagio ulikwenda kwa mwingine. Wakili alinikubalia kitu kimoja ambacho hakuna tajiri mwingine Migori angenikubalia: kutoka saa kumi kamili niwahi darasa. “Lakini,” alisema bila kuinua macho, “siri ya mteja ikitoka kwa mlango huu, na wewe utoke nayo. Na hiyo saa kumi yako uisahau.”

Kila Jumatano alinituma Homa Bay, kwenye ofisi ya ardhi, kufanya sachi. Sachi ndiyo swali la kwanza la mtu yeyote anayenunua nyumba: unapeleka namba ya kipande cha ardhi, wao wanafungua rejista, unaambiwa jina la mwenye mali ni nani, kama kuna mkopo juu yake, kama kuna mtu ameweka kizuizi. Unapeleka leo, unachukua kesho, mungu akipenda, na mungu wa ofisi ile hakuwa mwepesi wa kupenda. Nje, kando ya ua wa miti, ndipo Min Awuor alipokuwa na jiko lake: meko matatu, benchi mbili, turubai la buluu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alikuwa amelisha watu wa foleni ile kwa miaka mingi hivi kwamba sheria ya ardhi ilikuwa imemwingia kama moshi. Mimi nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwa wakili. Watu walikaa na sahani ya ugali na samaki, wakatoa makaratasi, na yeye akawauliza huku akigeuza samaki kwenye mafuta.

“Jina kwa hati ni la nani?”

“La baba yake huyo anayeniuzia.”

“Na baba yuko?”

“Alikufa, lakini kijana ana kitambulisho.”

“Kitambulisho si urithi, ndugu yangu. Marehemu hawezi kukuuzia. Mwambie aende kortini kwanza afanye urithi, jina liwe lake, ndiyo muongee. Ongeza mboga?”

Mwingine alikuja akijisifu kwamba ameuziwa ploti bei ya kutupa na kila kitu kiko sawa. “Umekutana na mke wake?” Min Awuor akauliza. Yule bwana akasema mke ana uhusiano gani na ploti ya mwanamume. Benchi zima likacheka. “Sheria inasema nyumba ya ndoa haiuzwi kama mke hajakubali,” akasema Min Awuor. “Na umuulize yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, si kwa mdomo wa bwana. Na uende uone nani analala humo ndani. Karatasi haina mlango, huwezi kubisha ukajua ni nani yuko.” Mimi niliyaandika hayo maneno nyuma ya daftari la Jiografia. Yalinisaidia kuliko Jiografia.

Kwa sababu jibu la sachi lilitoka kesho yake, Jumatano nililala kwake. Alikuwa na nyumba yake nje kidogo ya mji, kwenye shamba la kama ekari moja, mahali ambapo ziwa huonekana kama bati lililolala jua. Vyumba vitatu. Sebuleni viti vya mbao vilivyovikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, vyeupe, vilivyokazwa kwa wanga mpaka ukikaa vinalia. Kulikuwa na kabati la vyombo ambavyo havikutumika isipokuwa nilipofika mimi, mtu wa Migori, kana kwamba ninatoka ng'ambo. Alinipikia omena wa nyanya, dagaa wa ziwani, na mboga ya osuga, akanilazimisha kumaliza, akaniuliza maswali ya Historia kutoka kwenye kitabu changu ingawa yeye aliachia darasa la tano. “Nyar Migori,” aliniita, binti wa Migori, “ukipasi huo mtihani nitachinja jogoo, na ukifeli nitamchinja pia, lakini sitakupa paja.” Alikuwa mke wa pili. Mumewe, Baba Awuor, alikuwa dereva wa lori wa siku nyingi, na alimweka hapo alipokuwa bado anapita njia ile. Mke wa kwanza, mikayi, alikaa kwenye dala upande wa Sindo. Yote hayo aliniambia akiosha vyombo, bila uchungu. Binti yake Awuor alikuwa ameolewa mbali, Busia. Baba Awuor alikuja mara mbili wakati mimi nipo, akala, akanisalimia, akalala kwenye kiti redio ikisema. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina lake. Siku moja nilimuuliza Min Awuor kama hataki jina lake liongezwe. Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo. “Nimwambie mzee hivyo? Ataona ninangoja afe.”

Nimekuwa nikijiuliza, na juzi pale Sindo nilijiuliza tena nikinywa chai ya msibani iliyojaa sukari: mtu anayejua maswali yote ya wengine, mbona lake moja alilipita kando? Sasa nina umri aliokuwa nao yeye na nafikiri najua. Maswali ya sheria ni rahisi kumuuliza mtu usiyempikia chakula cha jioni.

Siku moja mwezi wa sita, mwalimu mstaafu mmoja wa Migori, mpole, mwenye kofia aliyoivua hata kwa paka, alikuja kwa wakili na faili mpya. Alikuwa amepata nyumba ya kununua huko Homa Bay, ya kuzeekea, yeye na mkewe. Nikaenda kufanya sachi kama kawaida. Sikuzijua namba, namba ni namba. Kesho yake karatasi ikatoka, nikasoma jina la mwenye mali, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu, ukatoka nje. Hakuna mkopo, hakuna kizuizi. Karatasi safi. Nilipita mbele ya jiko la Min Awuor nikiwa nimeikunja mara nane. Akanipigia kelele, “Wewe, hata hunywi uji?” Nikamwambia nimechelewa.

Wiki iliyofuata Baba Awuor alikuja ofisini Migori na mikayi wake, mama mrefu mkimya mwenye kitambaa cha kanisa. Mzee alikuwa amestaafu na anarudi nyumbani, na watu wanaorudi nyumbani huuza kila kilichoko njiani. Aliponiona kwenye mashine alisimama. “Wewe si ndiye ule wa kukula samaki kwa…” Akacheka kidogo, akanishika bega. “Ofisi ni ofisi, nyathina, mwanangu, sivyo?” Nikasema ndiyo, mzee. Wakili akaanza orodha yake ya maswali akiangalia saa.

“Mzee, una wake wangapi?”

“Si ndiye huyu hapa mke wangu.”

“Mama, unakubali nyumba iuzwe?”

“Nakubali,” akasema mikayi.

Mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni kama mnunuzi, akainua kofia. “Na huyo mama niliyemkuta akipalilia mahindi?”

“Huyo?” Baba Awuor akasema. “Ni mtu wa kuangalia tu boma.”

Wakili akanigeukia. “Andika kiapo. Mke mmoja, amekubali.” Mikayi aliangalia mikono yake. Mzee aliniangalia mimi. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu, na saa kumi na nusu tulikuwa na jaribio la Hisabati. Niliandika. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi sana, kazi ya pumzi moja kwa mtu mwenye vidole kama vyangu.

Bado kulikuwa na bodi ya ardhi. Kule shamba la kulima haliuzwi bila wazee wa bodi kukaa na kutoa ruhusa, na mimi nilijipa moyo kwamba hapo mambo yatafumuka yenyewe bila mimi kufungua mdomo. Nilikwenda kubeba faili. Wazee saba kwenye viti vya plastiki, afisa wa serikali mwenyekiti, mgeni kutoka mbali, na feni isiyozunguka. Naweza kuapa wazee watano kati ya saba walikuwa wamekula kwa Min Awuor asubuhi ile ile. Mmoja alikuwa bado anachokoa mwiba wa samaki menoni. Walimjua. Walijua ni nyumba ya nani. Afisa akauliza kama mke yupo, mikayi akasimama, akasema anakubali, na wazee wakatikisa vichwa wakaridhika kabisa. Nilipowasikiliza wakitoka ndipo nilipoelewa. “Mikayi akisema, nyumba yote imesema,” mmoja alimwambia mwenzake, na hakusema kwa ubaya. Kwao ndivyo dala lilivyo: mke wa kwanza ndiye hutangulia kulima, kupanda, kuvuna, na wengine wanafuata nyuma yake. Hawakudhani wanamficha mtu. Walidhani wamemuuliza kila mtu kwa kumuuliza mkubwa. Sheria haikuwa hivyo. Sheria ilitaka kila mke kwa kinywa chake, juu ya nyumba anayolala yeye. Katika chumba kile chote, wa kujua tofauti hiyo nilikuwa mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilifunga faili kwa kamba, nikafunga na fundo la pili.

Bado palikuwa na nafasi. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Ruhusa ya bodi si mwisho. Mpaka fomu za kuhamisha jina zifikishwe dirishani na kusajiliwa, mke anaweza kuingia ofisi ile ile, kujaza karatasi moja, na kuweka kizuizi, na hapo kila kitu kinasimama mpaka asikilizwe. Min Awuor mwenyewe alikuwa amewafundisha wanawake wasiopungua hamsini kufanya hivyo, akiwaonyesha dirisha kwa mwiko. Jumatano ya wiki iliyofuata fomu zilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilifika saa tatu. Nikakaa kwenye benchi lake, mkoba magotini, akanipa sahani. Hatua arobaini kutoka pale mpaka dirishani. Nilizihesabu nikienda na nikirudi. Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyelia kwamba shemeji zake wanauza shamba, na Min Awuor akamwambia, “Usilie, machozi hayasajiliwi. Nenda saa hii uweke kizuizi, uje ulie baadaye ukiwa umeshiba.” Sote tukacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Nikala nikamaliza, nikanawa, nikasema naenda kuleta karatasi fulani, nikavuka ua, nikaziingiza. Karani akapiga muhuri. Nikarudi nikanywa chai.

Nilimwambia jioni, nyumbani kwake, akiwa anachambua osuga kwenye ungo. Nilimwambia kila kitu kwa mkupuo, kiapo, bodi, mwalimu. Hakuacha kuchambua.

“Karatasi za kuhamisha zimeingia?”

“Zimeingia.”

“Leo?”

“Leo.”

“Saa ngapi?”

“Kama saa nne hivi.”

“Saa nne ulikuwa unakula kwangu.”

Akaendelea kutenga majani na vijiti. Mimi nikaanza kusema maneno mengi, kwamba bado anaweza kwenda kortini, kwamba mauzo ya nyumba ya ndoa bila yeye kukubali hayana nguvu, kwamba mimi nitasimama kama shahidi, waache wanifukuze kazi. Nilikuwa jasiri sana sasa, ujasiri wa baada ya maji kumwagika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

“Nitamshtaki mzee. Haya. Nitashinda. Nitabaki na nyumba,” akasema. “Na siku nikifa, Nyar Migori, nitazikwa wapi? Mwanamke aliyemburuta bwana yake kortini, nani atamfungulia lango la dala? Watanizika kando ya barabara kama mbwa aliyegongwa na gari. Awuor wangu atakuja kulilia wapi?” Akainuka, akaweka sufuria motoni. “Shule zinakufundisha mambo ya kuishi tu.”

Akanipakulia. Nilikula, kwa sababu kutokula kungekuwa kumtukana mara ya pili.

Mwisho wa mwezi wa nane wakili alinituma na mwalimu kukabidhiwa nyumba. Mzee hakuja, alisema funguo ziko kwa mtu wa boma. Min Awuor alikuwa amevaa nguo ya kanisa na alikuwa amefagia uwanja mpaka ukawa na mistari ya ufagio kama nywele zilizosukwa. Vitambaa vilikuwa vimeshatolewa vitini. Mwalimu akavua kofia, akamwita mama, na mimi nikafungua daftari niandike mambo ya makabidhiano. Mwalimu alikuwa mtu wa kuuliza. Akauliza mpaka unapita wapi, naye akamtembeza mwenyewe, akamwonyesha jiwe la kona lililozama chini ya mkonge na kumwambia jirani wa juu ana tabia ya kulima akilisogelea kila msimu. Akauliza maji. Min Awuor akamwambia kisima kinakauka mwezi wa pili, asiamini atakachoambiwa. Akauliza paa. “Linavuja chumba cha nyuma,” akasema, “weka ndoo hapa, si pale.” Akamwambia mlango wa mbele huvimba mvua ikinyesha, usivutwe, usukumwe kwa goti. Katika kazi yangu yote tangu siku hiyo, na nimekaa kwenye mauzo mengi, sijaona muuzaji aliyesema kasoro za nyumba kwa ukweli kama yule ambaye hakuuza.

Mwalimu alikuwa ameacha kutabasamu. Aliangalia ukuta wa sebule, alama nyeupe mahali kabati lilipokuwa, misumari ya picha, mistari ya kalamu mlangoni walikompima Awuor urefu wake tangu akiwa mdogo. Naamini aliona. Akageuka, kofia kifuani, akamuuliza taratibu, kama mtu anayetaka ajibiwe vinginevyo.

“Mama, samahani. Kuna mtu yeyote mwingine ana haki kwa nyumba hii? Niambie tu. Nitarudi nyumbani, haitakuwa vita.”

Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Min Awuor hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, bila hasira, kama alivyokuwa akinitazama akinipima kama nimekariri jibu la Historia.

“Hakuna,” akasema. “Andika, nyathina. Hakuna mtu.”

Nikaandika. Mwalimu akatia sahihi, naye akatia kidole gumba ingawa alijua kuandika jina lake vizuri. Kisha akanipa kapu la kuku nimshikie, maana mkono mmoja ulikuwa na godoro, tukatembea mpaka barabarani. Alisema nisimsindikize zaidi ya hapo, nina darasa.